Mama anasahau, mjomba anasema huu ni ugonjwa wa Wazungu

Mshauri, salaam na pole na kazi.

Mama yetu ana miaka 74, ninaishi naye hapa Muheza. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi amekuwa akisahau, na sasa imezidi. Anauliza jambo lile lile mara tano ndani ya saa moja. Mchuzi anautia chumvi mara mbili, siku nyingine hautii kabisa. Mwezi uliopita alikwenda gulioni, njia anayoipita tangu aolewe, akapotea mpaka kijana wa bodaboda anayemfahamu akamrudisha. Pesa anazificha mwenyewe, kisha anamsingizia dada wa kazi kwamba kamwibia. Ana presha, vidonge anameza akijisikia vibaya, akipata nafuu anaacha. Masikio nayo ni mazito. Usiku halali vizuri, kwa hiyo amezoea kumeza Piritoni mbili anazonunua duka la dawa.

Tulimpeleka hospitali wakampa mtihani: ahesabu kutoka 100 akipunguza saba saba, aandike sentensi, achore maumbo mawili yaliyopandana. Mama aliishia darasa la pili. Alipata alama 13 kati ya 30, tukaambiwa ana demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, twende nyumbani tukamtunze. Hakupimwa kitu kingine.

Mjomba hakubali. Anasema huu ni ugonjwa wa Wazungu, Mwafrika haupati, na eti utafiti umethibitisha. Kaka yangu yuko Minnesota. Yeye alipima jeni kwa kutema mate kwenye kichupa, akaambiwa ana nakala moja ya ApoE4, jeni inayohusishwa na ugonjwa huu, na kwamba hatari yake ni kubwa. Sasa anataka kumchukua mama akatibiwe huko. Shangazi naye anasema huko Marekani ndiko wazee wetu wanakoupata, tusimpeleke kabisa. Na kuna jirani kaanza kunong'ona, kwa sababu mama huonekana nje alfajiri akiongea peke yake.

Je, ni kweli Waafrika hatuupati, au tunaupata kidogo? Jeni ya kaka inatuhusu sote? Tumpeleke mama au tumwache? Na ule mtihani unaaminika?

Binti wa Muheza

*

Binti wa Muheza, pole sana wewe na nduguzo.

Nianze na Piritoni, maana hiyo haingoji takwimu. Dawa ile ni ya mafua na mzio. Inaleta usingizi, lakini pia inazuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kutunza kumbukumbu. Mgonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayoongoza, tayari ana upungufu wa kemikali hiyo. Mzee akimeza vidonge viwili kila usiku, asubuhi anaamka na ukungu kichwani, kinywa kikavu, choo kigumu, mkojo unasita. Mwachishe. Usimbadilishie kwa diazepam, dawa nyingine ya usingizi, hiyo itamwangusha chooni usiku. Badala yake mpe jua la asubuhi, tembea naye nusu saa, usimwache alale mchana zaidi ya dakika 30, chai ya rangi iishie saa nane mchana, na akojoe kabla ya kulala. Mpe wiki 3 au 4 ndipo umpime upya kwa macho yako. Kama kuna dawa nyingine anazotumia, hasa amitriptyline (ya mfadhaiko au maumivu) au dawa za usingizi alizoandikiwa, hizo usizikate ghafla: zipeleke zote kwenye mfuko mmoja kwa daktari azipitie moja moja.

Halafu rudini hospitali, kwa sababu kuambiwa "ni demensia" bila kupima damu ni kazi iliyoishia njiani. Kuna mambo kadhaa yanayofanana na demensia na yanatibika. Ombeni vipimo hivi kwa majina: wingi wa damu, sukari, figo pamoja na chumvi za damu (sodiamu na potasiamu), homoni ya tezi ya thairoidi, vitamini B12, VVU na kaswende. Msione haya juu ya viwili vya mwisho, vyote huingia kwenye ubongo na vyote vina dawa. Kama kwa miezi ya karibuni alianguka au kugonga kichwa, hata kidogo tu, semeni: damu huweza kuvilia taratibu chini ya fuvu la mzee na kumpumbaza wiki kadhaa baadaye, na hapo picha ya CT ndiyo itakayoonyesha. Picha hiyo inahitajika pia kama anaburuta miguu huku akijikojolea, au upande mmoja wa mwili umelegea.

Siku atakayochanganyikiwa ghafla, yaani jana alikuwa na hali yake ya kawaida na leo hajui alipo, anasinzia au anaona vitu, msiseme ugonjwa umezidi. Demensia haiendi kwa siku moja. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni malaria, mkojo mchafu, nimonia, kukosa maji au sukari kushuka.

Sasa mjomba. Anachokisema hakukitunga, kina chanzo. Mwaka 1992 watafiti wa Indiana, Marekani, wakiongozwa na Hugh Hendrie, pamoja na wenzao wa Ibadan, Nigeria, akiwemo Adesola Ogunniyi, walianza kuwapima wazee wa miaka 65 na zaidi katika miji miwili: Wayoruba wa mtaa wa Idikan, Ibadan, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Walitumia maswali ya aina moja pande zote, yaliyotungwa kwa ajili ya watu waliosoma na wasiosoma, na kila mzee aliulizwa pamoja na ndugu anayemjua. Matokeo yaliyotoka 1995 yalionyesha wenye demensia Ibadan ni asilimia 2.29, na Indianapolis asilimia 4.82 kwa wazee wanaoishi majumbani. Ukiwajumlisha waliomo kwenye nyumba za kutunzia wazee, Indianapolis inapanda hadi 8.24.

Mtu makini atauliza hapo: huenda wagonjwa wa Ibadan hufariki mapema, kwa hiyo siku ya kuhesabu wanakutwa wachache? Swali zuri, na ndilo linaloharibu ulinganisho mwingi wa nchi na nchi. Chukua vijiji viwili, kila kimoja kinapata wagonjwa wapya 10 kwa mwaka. Kijiji cha kwanza mgonjwa huishi miaka 3 baada ya kuugua, cha pili huishi miaka 8. Ukienda kuhesabu utakuta wagonjwa 30 huku na 80 kule, ingawa ugonjwa unaingia kwa kasi ile ile. Mgonjwa aliye hai kwa matunzo mazuri anahesabiwa, marehemu hahesabiwi. Ndiyo maana watafiti wale waliendelea kuwafuatilia watu wale wale na kuhesabu wagonjwa wapya tu. Matokeo ya 2001: Ibadan asilimia 1.35 kwa mwaka, Indianapolis 3.24. Pengo lilikuwa la kweli.

Lakini mjomba ameishia hapo, na habari haikuishia hapo. Kwanza, asilimia 2.29 si sifuri. Pili, Ibadan si Afrika nzima. Hapa kwetu, wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, walipimwa wazee wapatao 1,200 wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha asilimia 6.4 baada ya kurekebisha umri. Hiyo inalingana na nchi tajiri. Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ilikutwa asilimia 8.1 kwa miaka 65 na zaidi, Brazzaville 6.7, lakini Djidja, vijijini Benin, 2.6 tu. Bara moja, na tofauti ya mara tatu. Hakuna "Mwafrika" mmoja wa kumwekea namba.

Ukiziona namba za namna hii popote, angalia umri kabla ya kitu kingine. Baada ya miaka 65 hatari ya demensia huongezeka takriban maradufu kila miaka 5. Kwa hiyo jamii yenye wazee wengi wa miaka 85 itaonekana ina ugonjwa mwingi kuliko jamii ambayo wazee wake wengi wana miaka 67, hata kama kila mtu ana hatari sawa na mwenzake wa umri wake. Kulinganisha namba ya "65 na zaidi" na ya "70 na zaidi" bila marekebisho hakufai, na hizo nilizokutajia za Hai na Ibadan usiziweke mezani pamoja bila kukumbuka hilo.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni nani anayesema kwamba huyu ni mgonjwa. Kundi la utafiti liitwalo 10/66 lilipima wazee Cuba, Jamhuri ya Dominika, Venezuela, Peru, Mexico, China na India. Kwa vigezo vya kawaida vya madaktari wa Marekani, ambavyo vinadai kwamba kusahau kuwe kumevuruga maisha ya mtu, vijiji vya India vilipata asilimia 0.3 tu, na Cuba 6.3. Kwa vigezo vilivyorekebishwa kufuata jamii husika, hakuna mahali paliposhuka chini ya asilimia 5.6. Wagonjwa walikuwepo muda wote. Tatizo ni kwamba kwenye nyumba yenye wakwe na wajukuu, bibi hapiki, hashiki pesa ya matumizi, haendi benki. Anakaa mkekani, analetewa chakula, anaitikiwa kila asemalo. Ataanguka katika kazi ipi ili familia iseme amevurugikiwa? Ndugu wakiulizwa wanajibu kwa moyo mweupe kwamba ni uzee tu. Huko ndiko ugonjwa unakojificha kwetu pia. Wewe umeuona kwa sababu mama bado anapika na bado anakwenda gulioni.

Hata hivyo tofauti za kweli zipo, na shangazi naye ana sehemu yake ya ukweli. Wajapani waliohamia Hawaii ni mfano maarufu. Wanaume wa Honolulu wenye asili ya Japani, wa miaka 71 hadi 93, walikutwa na demensia asilimia 9.3, na Alzheimer peke yake asilimia 5.4, juu ya kile kilichokuwa kikiripotiwa Japani kwenyewe wakati ule. Damu ile ile, kisiwa kingine. Upande wa pili kuna Watsimane wa misitu ya Bolivia, wanaolima, kuvua na kuwinda mpaka uzeeni na wenye mishipa ya moyo iliyo safi kupita kawaida. Kati ya wenye miaka 60 na zaidi, demensia ilikuwa takriban asilimia 1. Kusahau kwa kiasi kidogo wanako kama watu wengine. Kuporomoka kabisa ndiko kuliko adimu.

Na ndani ya nchi moja? Kaskazini mwa California, kwa wanachama wa bima moja ya afya, wagonjwa wapya kwa kila watu 1,000 kwa mwaka walikuwa 26.6 kwa Wamarekani weusi, 19.3 kwa Wazungu, 15.2 kwa wenye asili ya Asia. Uingereza, utafiti wa 2022 ulionyesha watu weusi wakigunduliwa na demensia asilimia 22 zaidi ya Wazungu. Kwa hiyo neno "ugonjwa wa Wazungu" limepinduka: wenye asili ya Afrika wanaoishi nchi hizo ndio wanaoumia zaidi. Presha, kisukari, kiharusi, shule duni za utotoni, umaskini na kuchelewa kufika hospitali ndivyo vinavyotajwa kwanza. Hata wazee wa Ibadan walipolinganishwa na wa Indianapolis walikuwa na presha ndogo, kisukari kidogo, miili myembamba na kolestero ya chini.

Jambo ambalo ningetaka mjomba na shangazi walisikie wote wawili ni hili. Watafiti wale wa Indianapolis na Ibadan waliandikisha kundi jipya la wazee mwaka 2001 na kulilinganisha na la 1992. Kwa wenye miaka 70 na zaidi, Indianapolis wagonjwa wapya walishuka kutoka takriban asilimia 3.6 kwa mwaka hadi 1.4. Ibadan walibaki karibu pale pale, 1.7 na 1.4. Pengo likazibika, ndani ya miaka kumi, kwa watu wa asili ile ile wanaoishi mji ule ule. Jeni haibadiliki kwa miaka kumi. Kundi la pili lilikuwa limesoma zaidi na wengi zaidi walikuwa wakitumia dawa za presha. England nako, wenye demensia kati ya wazee wa miaka 65 na zaidi walikutwa asilimia 6.5, pale ambapo hesabu za miaka 20 kabla zingetarajia 8.3. Nchi zetu zinakwenda kinyume: chumvi, soda, kukaa, uzito na presha isiyotibiwa vinapanda. Kutuliza wazee kwa namba ya Ibadan ya 1992 ni kuwanyima kinga.

Kwa hiyo vidonge vya presha vya mama havimezwi kwa kujisikia. Presha mara nyingi haina dalili. Hata siku anayojisikia vizuri inaweza kuwa juu; akiacha dawa inapanda, akiirudia inashuka, na mishipa midogo ya ubongo ndiyo inayopasuka au kuziba katika kupanda na kushuka huko. Mnunulieni kisanduku chenye vyumba 7 vya siku za wiki, wewe ndiye ukijaze na wewe ndiye umwone akimeza. Kipimo cha mkononi kinatosha ukikitumia sawasawa: akae dakika 5 ameegemea, miguu sakafuni bila kupandanisha, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, asiwe amekunywa kahawa au kuvuta tumbaku kwa nusu saa, asiongee. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7, uandike zote. Lengo la kwanza ni chini ya 140 kwa 90. Kushuka hadi 130 ni bora kama anahimili. Ndiyo maana mpime pia akiwa amesimama dakika moja hadi tatu: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambie daktari kabla hajaongeza dawa, maana ataanguka. Na kama kidonge chake ni kile cha kukojoza, sodiamu lazima ipimwe. Ikishuka kwa mzee huleta kuchanganyikiwa kunakofanana kabisa na demensia. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, gramu 5, ikiwa ni pamoja na iliyomo kwenye mkate, dagaa wakavu na vile vidonge vya kuungia mchuzi. Mpe kazi ya kukatakata nyanya na kuchambua mchicha, chumvi utie wewe.

Masikio ni ya wiki hii. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya 2024 ilihesabu mambo 14 ambayo yakirekebishwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani, na uziwi uko juu kabisa ya orodha sambamba na kolestero mbaya. Wakati mwingine kwa wazee ni nta tu imejaa. Tia matone 2 ya mafuta ya zeituni vuguvugu asubuhi na jioni kwa siku 5, kisha apelekwe kuoshwa na muuguzi. Usitumie pamba za vijiti, zinashindilia. Kama ngoma ya sikio iliwahi kutoboka au sikio linatoa usaha, usitie kitu. Macho pia yakaguliwe. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, na uoni hafifu umo kwenye orodha ile ile.

Sasa mtihani. Ule mliopewa ni wa Kimarekani, ulitungwa 1975, na una alama 30. Tuugawe. Kupunguza saba saba kuna alama 5. Kuandika sentensi, alama 1. Kusoma agizo na kulitekeleza, 1. Kuchora yale maumbo mawili, 1. Hizo ni alama 8 ambazo mtu aliyeishia darasa la pili anaweza kuzikosa zote akiwa na akili timamu. Ongeza kwamba mama hasikii vizuri, na maswali yalisomwa kwa Kiswahili ilhali huenda Kibondei ndiyo lugha anayoifikiria. Una haki ya kutoridhika. Lakini sitakupa matumaini ya bure: ukimrudishia alama zote 8 anafika 21, na mstari wa kawaida ni 24. Na hata bila mtihani, kupotea kwenye njia ya miaka 50 na kuharibu pishi alilolijua ni dalili nzito kuliko alama yoyote. Ninaamini mama anaumwa kweli. Kilichobaki ni kujua anaumwa nini, na ni kiasi gani kinarekebishika.

Kule Hai walitengeneza kipimo kifupi kwa ajili ya wazee wasiosoma, kinaitwa IDEA. Mzee anaulizwa leo ni siku gani ya wiki, mwenyekiti wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka maneno aliyosomewa dakika chache kabla, na anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hakuna kalamu. Muulize daktari kama anakifahamu, na apimwe baada ya masikio kusafishwa na Piritoni kumtoka mwilini. Wewe uende na daftari: kwa wiki 2 andika tarehe, saa, kilichotokea, na kama mwaka juzi angeweza kukifanya. Daktari mzuri atalithamini daftari hilo kuliko karatasi ya alama.

Kuhusu jeni ya kaka. Kwa watu wenye asili ya Ulaya nakala moja ya ApoE4 huongeza hatari ya Alzheimer mara tatu hivi. Lakini jeni hiyo ni ya kawaida sana Afrika, na Ibadan nakala moja haikuonekana kuongeza hatari. Wenye nakala mbili tu ndio walioonekana kuathirika baadaye. Makampuni ya mate kwenye kichupa kwa kawaida huhesabu hatari kwa takwimu za Wazungu. Kwa hiyo ile asilimia aliyotumiwa haikutengenezwa kwa ajili yake. Nakala hiyo ameipata kwa baba au kwa mama, na kila ndugu ana nafasi yake ya kuwa nayo au kutokuwa nayo, na kwa ninyi mlio wazima hakuna dawa wala lishe ambayo ingebadilika kwa kujua. Msihangaike kupima. Kila mmoja wenu aliyefika miaka 40 apime presha na sukari, hiyo ndiyo hela iliyotumika vizuri.

Kumpeleka Minnesota? Ndege haileti demensia, na kwa mtu wa miaka 74 ambaye tayari ameugua, lishe ya Marekani si hoja. Hoja ni nyingine. Mgonjwa wa kumbukumbu anajishikilia kwa vitu anavyovijua: mlango uko wapi, nani hupita asubuhi, adhana na kengele vinasikika kutoka upande gani. Ukimng'oa, anashuka ngazi kadhaa kwa mara moja. Atakaa ndani peke yake kaka akiwa kazini, baridi ikiwa chini ya sifuri, na akitoka nje alfajiri kama anavyotoka Muheza, huko ni hatari ya kifo. Bima nayo: kwa viza ya matembezi hana haki ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, na hata akipata ukaazi wa kudumu, asiyewahi kufanya kazi huko kwa kawaida husubiri miaka 5 mfululizo ndipo aruhusiwe kujiunga kwa kulipia. Zile dawa mpya za dripu zinazotangazwa tangu 2023 ni za hatua za mwanzo kabisa, zinahitaji picha za ubongo za mara kwa mara, na wenye ApoE4 ndio wanaopata zaidi madhara ya kuvimba na kuvuja damu kwenye ubongo. Donepezil, kidonge cha miligramu 5 usiku ambacho daktari huweza kukipandisha hadi 10, huandikwa na madaktari wa hapa pia. Hakiponyi, kwa baadhi kinapunguza dalili kidogo. Mapigo ya moyo yakaguliwe kabla, kwa kuwa kinayashusha.

Mwambie kaka fedha ya tiketi huenda ikalipa vipimo vyote, kifaa cha kusikilizia na mshahara wa msaidizi wa pili kwa muda mrefu. Na awe anapiga simu ya video saa ile ile kila siku, aanze kwa kusema "Mama, ni mimi fulani, mwanao wa Minnesota", asimtahini kwa "unanijua mimi nani?"

Nyumbani, pesa akimtuhumu dada wa kazi, msibishane naye na msimkemee dada. Semeni "tuzitafute pamoja", kisha pekueni maficho yake. Huwa ni matatu au manne yale yale, yaandikeni. Mwekeeni noti ndogo ndogo kwenye pochi yake, za kumtosha kuzihesabu. Mweleze dada wazi kwamba tuhuma ni za ugonjwa, mbele ya mtu mzima mwingine, asije akaondoka kwa fedheha. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye koki kila mnapomaliza kupika. Kitambulisho chenye jina na namba yako ya simu kishonwe ndani ya kanga au gauni, na yule kijana wa bodaboda na wenzake wa kijiwe wapewe namba hiyo. Kule Hai mazoezi ya akili ya kikundi, vikao 14 kwa wiki 7, yaliwasaidia wagonjwa: nyimbo za zamani, kutambua viungo kwa kunusa, kuchambua maharage kwa rangi, kuzungumzia mavuno. Unaweza kuyafanya na mama na jirani zake wawili, mara 2 kwa wiki, dakika 45.

Mwisho nimeweka suala la jirani, na si kwa kuwa ni dogo. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa minong'ono ya aina hiyo, na mama anayeongea peke yake alfajiri anaeleweka vibaya haraka. Usisubiri ikue. Ukishapata cheti cha daktari, kiombe kiandikwe kwa Kiswahili, nenda nacho kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa shehe au padri wenu, waeleze ugonjwa ni upi, waombe waliseme mbele ya watu. Kisha nenda kwa jirani huyo mwenyewe, pamoja na mjomba, mkamweleze kwa heshima na kumwomba akimwona mama nje akupigie simu. Weka kengele ndogo juu ya mlango uisikie akitoka. Usimfungie ndani kwa kufuli akiwa peke yake, moto ukizuka hatoki. Na likitoka neno lolote la kumtishia, hata kwa mzaha, ripoti polisi siku hiyo hiyo ukiwa na mwenyekiti kama shahidi.